Kola Yenye Sura ya Mtu

Nianze na wifi yangu, maana bila yeye mimi ningekuwa nashona sketi zangu kimya kimya na dunia ingenipita hivi hivi. Ni mke wa kaka yangu. Watu wote wanamwita Bobini, kwa sababu mkebe wa bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini, haumtoki mkononi, na kwa sababu, nasema haya kwa upendo wa kiwifi, ni mfupi, ni wa mviringo na hatulii. Kazi yake ni kutengeneza cherehani. Mimi nashona mbele ya duka, yeye anafungua mashine za watu kule nyuma. Katikati yetu kuna meza ya pasi, na chini ya meza ya pasi kuna seva.

Naam, seva. Ni kompyuta kuukuu inayobeba mtandao wetu, aliyoinunua Bobini siku duka la intaneti la mtaa wa pili lilipofungwa. Upande mmoja haina kifuniko. Tumeiwekea feni ndogo, na ukutani kuna karatasi imeandikwa USICHOMOE, kwa mwandiko wa hasira, kwa sababu niliwahi kuichomoa nipate pa kuchomeka pasi. Watu mia tatu walipotea hewani kwa dakika arobaini. Hata leo nikisogelea soketi ile Bobini anakohoa.

Zamani sisi washonaji na mafundi cherehani tulikuwa na ukurasa wetu kwenye mtandao mmoja mkubwa. Siku moja tukaamka umefungwa. Kisa? Picha za kuelekeza namna ya kupima kifua cha blauzi. Mashine ya wenye mtandao iliona kifua, futi haikuiona. Tukaandika, tukabembeleza, tukaandika tena. Jibu lilikuja kwa lugha ya mashine vile vile. Mimi nilitukana nikarudi kazini. Bobini hakutukana, akauliza: "Hivi lazima mtandao uwe na mwenyewe?" Na wifi yangu akishaanza kuuliza jambo, ndugu msomaji, tafuta kiti ukae.

Baada ya miezi mitatu ya kusoma na kuharibu, akanieleza alichokipata. Kuna mitandao isiyo na mwenyewe mmoja. Ni nyumba nyingi, kila nyumba na mwenye nyumba wake na masharti yake, ila milango inapitana. Ya kwetu ni ya mafundi cherehani na washonaji. Ipo ya mafundi viatu, ipo ya wafuga nyuki, ipo ya waoka keki. Ukiandika kwetu, wa kule anasoma, na akikujibu linafika.

"Na bosi wa wote ni nani?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Haiwezekani. Hata kuku wana mwenyewe."

"Kuku wana wenyewe wengi, wifi. Kila mtu na wake, lakini jalalani wanakutana."

Kati ya watu wote mia tatu wa nyumba yetu, aliyependwa kuliko wote alijiita Sindano Tisa. Sura yake hatukuijua. Lakini ukiuliza swali lolote, uzi unakatika, kitambaa kinavutwa, mashine inaruka mishono, jibu la kwanza ni la Sindano Tisa, na nusu ya majibu yake yalianza hivi, mashine akiitaja kama mtu: "Cherehani hagombezwi. Mswaki kwanza." Alikuwa na maana ya kusafisha yale meno ya chini ya sindano, yanayojaa vumbi la nguo. Nimelisoma neno hilo mara mia na mara tisini na tisa lilikuwa ndilo lenyewe. Naye riziki yake ilitoka kwetu. Kwenye chumba cha soko, mahali watu wanapoandikiana wawili wawili na kupeana kazi, ndiko alikopata nguo za kushona. Kwingine hakujitokeza kabisa, na sababu nitaisema.

Basi, afisa akaja. Alikuwa mtu mpole, miwani imefungwa kwa uzi, faili kwapani. Mimi nilimbatiza Bwana Faili palepale. Akasimama mlangoni akiangalia majora ya vitambaa kana kwamba amekosea njia.

"Habari za kazi. Natafuta makao makuu ya mtandao huu," akaonyesha jina letu kwenye karatasi.

Bobini akanyanyua kitambaa cha meza ya pasi. "Karibu sana. Angalia kichwa tu."

Bwana Faili akainama. Feni ikampulizia. Akainuka taratibu. "Mkurugenzi yupo?"

"Mimi hapa."

"Na idara ya sheria?"

"Ile pale inashona zipu."

Nikampungia mkono. Sikucheka, nilikuwa na pini mdomoni.

Akaketi, akatoa karatasi mbili. Ya kwanza ilisema kwamba popote watu wasiojuana wanapoweza kuandikiana faraghani, mwenye mahali ahakikishe walio chini ya miaka kumi na sita hawaingii. Tumepewa mpaka mwisho wa mwezi unaofuata, la sivyo nyumba ifungwe. Ya pili ilisema usikusanye habari za mtu zaidi ya zile unazozihitaji, na ukizikusanya zikakuponyoka, mzigo ni wako.

Bobini alizisoma zote mbili, akaziweka pamoja, akazitenganisha, akaziweka pamoja tena. "Kwa hiyo mheshimiwa, nimjue mtu bila kumjua."

"Ndivyo ilivyo."

"Wale wakubwa wanafanyaje?"

"Wana majengo," akasema Bwana Faili, na nikaona mdomo wake unataka kucheka.

Mimi nikatema pini. Nikasema sheria imetungwa na watu wasio na kazi, sisi hapa tunajadili mifuko na zipu, nani atamharibu mtoto kwa zipu? Akanigeukia bila hasira.

"Dada, una mtoto?"

"Binti. Ana miaka kumi na miwili."

"Ana simu?"

"Anatumia yangu."

"Unawajua wote waliowahi kumwandikia?"

Nikarudisha pini mdomoni.

Wiki ile wifi yangu aliuliza kila kiumbe: mtu mzima unamjuaje? Alimuuliza muuza maji, alimuuliza mwenye duka la vifungo, alimpigia kaka yangu akiwa barabarani na lori lake. Kaka akasema, "Mtu mzima ni anayelipa kodi ya nyumba," tukamwambia basi yeye bado. Tukajaribu kile kisanduku cha "nathibitisha nimetimiza umri". Binti yangu alikipita kwa sekunde mbili na kujiandika amezaliwa mwaka elfu moja mia tisa. Tukajaribu mashine ya kukisia umri kwa kutazama uso. Bobini, mwenye arobaini na nne, ilimpa kumi na tisa. Mimi, mwenye arobaini na moja, ilinipa hamsini na nane. Loo! Bobini alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia mashine hiyo ni ya kizazi cha majambazi na sitaki kuiona tena dukani.

Zikabaki karatasi. Bobini akatangaza: anayetaka kuingia chumba cha soko atume nakala ya kitambulisho. Wengi walinung'unika. Sindano Tisa hakunung'unika. Siku ya pili akamwandikia Bobini peke yake. Alimkimbia mume aliyemvunja mkono. Mume yule alikuwa bado anamtafuta, anauliza kwa ndugu, anauliza kwenye vituo vya mabasi. Kitambulisho chake kipya kina jina la mji alikohamia, na mji huo hata mama yake mzazi hakuambiwa.

Bobini alikaa na ujumbe ule asubuhi nzima. Kisha akajibu, nami nilisoma juu ya bega lake: "Sitakiweka kwenye kompyuta, kompyuta ina wezi wa mbali. Nitakichapa, picha nitaifuta, karatasi itakaa kwenye droo. Droo haina mtandao. Haitatoka." Zikapita siku mbili. Jibu likaja na maneno mawili, "Nimekuamini, dada," na picha chini yake.

Sasa ninafika mahali ambapo ningependa kuruka.

Dukani kwetu karatasi haitupwi. Kalenda za mwaka uliopita, mitihani ya shule, matangazo ya mikutano, yote tunayakata kuwa vielelezo: mkono, mfuko, kola. Kwa miaka tisa karatasi hizo zilikaa droo ya juu. Akaja mteja wetu, muuguzi, ana haraka zake, anataka gauni la kijani lenye kola ya mviringo kabla ya Ijumaa. Nikafungua droo ya juu, nikachukua karatasi iliyokuwa juu, nikaigeuza upande mweupe, nikachora, nikakata. Kola nusu inatosha kwenye karatasi moja, kitambaa kikiwa kimekunjwa. Muuguzi akaja, akavaa, akajigeuza mbele ya kioo, akafurahi. Akaniomba na ile karatasi ya kola, ana mdogo wake anashona mji mwingine. Nikampa. Hata sikuigeuza.

Alhamisi iliyofuata, saa nne asubuhi, nikashangaa kule nyuma kumekuwa kimya. Wifi yangu anapofanya kazi huongea na mashine, kwa hiyo kimya chake kinasikika.

"Wifi," akaniita. "Njoo."

Kwenye skrini kulikuwa na picha ya meza, juu ya meza kuna karatasi iliyokatwa mviringo, na kwenye karatasi mwanamke anatutazama. Mkasi wangu ulikuwa umemkata sikio. Jina lilibaki nusu. Jina la mji lilibaki lote. Juu ya picha mdogo wake muuguzi ameandika, "Jamani, kola yangu ina sura ya mtu!" Yeye huoka pia, na alikuwa mkazi wa nyumba ya waoka keki, watu wa utani, na watu sabini na tatu walikuwa wameshacheka. Wengine walikuwa wameipeleka mbele. Picha ilikuwa imefika nyumba kumi na moja.

"Nilikwambia droo ya juu usiiguse," akasema Bobini.

"Hukuniambia."

"Nilikwambia Jumatatu, unapiga pasi. Nikasema karatasi za kukatia nimezihamishia chini."

"Hukuniambia! Ungeniambia ningekumbuka." Na mkono nikauweka kiunoni, ili aone kwamba nina hakika.

Hakubishana. Alimpigia muuguzi, muuguzi akampigia mdogo wake, na yule msichana alipoelewa alifuta picha palepale huku akilia. Hapo ndipo nilipojifunza kitu. Nilidhani ukifuta umefuta. Kumbe ukifuta kwako, habari ya kufuta inatembea nyumba hadi nyumba, na kila nyumba inaamua kutii. Zile zenye adabu zilitii zenyewe, nane kwa mkupuo. Tatu zikabaki. Kama ni mtandao wa bosi mmoja ungemwandikia bosi ukasubiri wiki. Huku ilikuwa kutafuta watu watatu. Mwenye nyumba ya mafundi viatu alijibu saa tano, "Nimefuta, poleni." Wa pili akataka aelezwe kwanza, Bobini akamweleza bila kutaja jina, akafuta. Wa mwisho, mzee mmoja mkusanya stempu, alikuwa anapaka chumba chake rangi na simu ameizima. Tulimpata kupitia kwa mjukuu wa jirani yake. Ilipogonga saa kumi jioni picha haikuwa popote tunapopajua.

Lakini Sindano Tisa alishaiona. Saa sita mchana, katikati ya hekaheka, jina lake lilitoweka. Tukabonyeza, tukabonyeza tena. Mtumiaji huyu hayupo. Hakutuachia neno.

Hatukuwa na namba yake ya simu, kwa kuwa Bobini hakuwahi kumwomba mtu namba. Kama mumewe aliiona picha ile, kama amehama tena, kama bado ana cha kushona, hatukuwa na njia ya kujua. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilijichukia siku ile, nasema wazi. Niliharibu zipu tatu mfululizo na sikumgombeza mtu. Bobini alitoa nakala zilizobaki kwenye droo, zilikuwa kumi na nne, akachukua mkasi wangu mkubwa akazikata vipande vyembamba, moja baada ya nyingine. Mkasi ule ni wa kitambaa tu, karatasi ina mkasi wake mdogo, ukiukatia karatasi unapoteza makali, na siku nyingine ningepiga kelele.

Bwana Faili aliporudi zilikuwa zimebaki wiki mbili. Mimi ningenyamaza, lakini wifi yangu alimwambia yote hata kabla hajaketi. "Mheshimiwa, nimekosea. Nilikusanya nisichokihitaji, kikanitoka." Akamsimulia mpaka mwisho. Bwana Faili alifunga faili lake, akavua miwani.

"Hebu tuanze upya," akasema. "Ulihitaji kujua nini hasa?"

"Kama mtu ametimiza miaka kumi na sita."

"Ukapata nini?"

"Sura. Majina matatu. Tarehe, mji, sahihi. Mpaka alama ya kidole."

Wakatazamana. Wakati huohuo akaingia mtu, akaniwekea mezani tiketi ya nguo, kile kikaratasi tunachokipasua nusu, nusu tunaibana na pini kwenye nguo, nusu anakwenda nayo mteja. Nikatazama namba, nikatoa suruali, nikamfungia, akaenda zake.

"Wifi," akasema Bobini, "yule ni nani?"

"Sijui. Sitini na mbili."

"Si ndiye aliyeleta suruali?"

"Hapana, aliileta mama mmoja mnene. Nitajuaje wanahusianaje?"

"Na umempa."

"Ana namba! Unataka nimwombe cheti cha kuzaliwa kwa suruali?"

Bobini akakaa kwenye kreti ya nyuzi. Nikajua basi, leo hatufungi duka mapema.

Walichora nyuma ya lile faili mpaka likajaa. Mawazo ya wifi yangu yalikuwa hivi. Yupo karani wa posta, tayari ana ruhusa ya serikali ya kutazama vitambulisho. Mtu aende kwa karani wa mji wake mwenyewe. Karani atazame tarehe ya kuzaliwa, arudishe kitambulisho, asiandike chochote. Mbele yake kuna kikapu chenye bahasha zilizofungwa, na ndani ya kila bahasha mna namba. Mtu achague bahasha kwa mkono wake, aende nyumbani, aiingize namba ile kwetu. Karani ameiona sura, namba hakuiona. Sisi tunaiona namba na kuitambua ni yetu, wala hatumjui aliyeileta. Kinachobaki kwenye seva ni neno moja tu, ametimiza.

Bwana Faili alikuwa amevua na koti. "Karani akijua huyu ni fundi, je, atajua nyumba anayoingia?"

"Kikapu kiwe cha nyumba nyingi. Nimeongea na mafundi viatu na wafuga nyuki, na mzee wa stempu. Namba moja inafungua popote kwetu. Karani hatajua kama mtu anakwenda kwa nyuki au kwa viatu."

"Mtu mzima akimpa mtoto bahasha yake?"

"Namba inafanya kazi mara moja tu, kwa hiyo yeye mwenyewe atabaki nje. Lakini mheshimiwa, mtu mzima anayempa mtoto ufunguo, hata kitambulisho hakimzuii."

"Kweli." Akaandika. "Na mtoto wa nyumba nyingine akiwaandikia watu wako kupitia mlango wa pili?"

Hapo wifi yangu akakuna kichwa. Mwishowe akasema chumba cha soko kitapokea barua za faragha kutoka nyumba zenye kikapu peke yake. Nyumba isiyo na kikapu inaweza kusoma vielelezo na kuuliza maswali hadharani, mbele ya macho ya wote. "Na humo hadharani sitamuuliza mtu umri. Mtoto anayetaka kujua kukata mfuko, na ajue. Sina haja ya kumjua."

"Si kamili," akasema Bwana Faili.

"Si kamili," akakubali Bobini. "Na droo yangu je, ilikuwa kamili?"

Nilishika kichwa changu mwenyewe, lakini hawakuwa wakinitazama.

Alisema hana mamlaka ya kukubali, atawapelekea wakubwa wake. Faili lililochorwa akaondoka nalo hivyo hivyo. Siku nne kabla ya mwisho, barua ikaja: ruhusa ya majaribio ya miezi sita, na makarani wa posta wameshaelekezwa. Mwishoni kulikuwa na mstari wa mkono, mwandiko wa Bwana Faili, akiuliza kama tunaweza kumpunguzia koti mikono.

Namba zikaanza kuingia. Siku ya kwanza kumi na nne. Siku ya pili thelathini. Kila asubuhi nilikwenda nyuma kabla ya kuvua viatu, nikainama mbele ya skrini. Ametimiza. Ametimiza. Ametimiza. Majina ya utani mapya kabisa, kwa sababu wengi waliamua kuanza upya.

"Yupo?" namuuliza wifi.

"Sijui."

"Huwezi kuangalia wametoka mji gani?"

"Seva nimeifundisha isahau hilo kila usiku."

"Basi ifundishe ikumbuke kwa siku moja tu. Moja!"

"Na siku hiyo moja seva ikiibiwa?"

Nikamkasirikia. Nikamwambia ana roho ngumu, nikamwambia ametengeneza mlango mzuri mpaka sisi wenyewe hatuoni. Nilitaka kujua, jamani. Nilitaka mtu aniambie kwamba mwanamke yule anapumua, ana kazi, ana pa kulala, na kwamba mkasi wangu haukumuua. Bobini aliniacha niseme mpaka nimalize, kisha akarudi kwenye mashine aliyokuwa anaifungua.

Ikapita miezi miwili. Jumanne moja, mchana, fundi mmoja akaandika hadharani kwamba uzi wa chini unajikunja, ameitukana mashine tangu asubuhi na sasa anataka kuipiga teke. Bobini alikuwa anaanza kumjibu. Kabla hajamaliza, jibu likatangulia. Lilitoka kwa mtu anayejiita Kitana, jina ambalo hatukuwahi kuliona.

"Cherehani hagombezwi. Mswaki kwanza."

Niliruka nikaufikia ubao wa herufi, nikaandika "Ni wewe?" palepale hadharani, mbele ya macho ya wote, na kidole changu kilikuwa tayari juu ya kile kibonye cha kutuma. Bobini akanishika kiganja. Hakunishika kwa nguvu. Alinishika tu, akatazama skrini, akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Wifi," nikamwambia, "uliniambia. Ile Jumatatu, napiga pasi. Nilikusikia vizuri. Nilikuwa na haraka."

"Najua," akasema. "Nilikuona unaitikia kwa kichwa."

Akaniachia mkono. Nikafuta yale maneno mawili, herufi moja moja, nikaandika mengine: "Karibu, mgeni." Nikatuma. Kisha nikarudi mbele, kwa maana kulikuwa na mteja anasubiri, tiketi mkononi.